Gari Yenye Ilikuwa Mutoto wa Ine

Siku ya pili ya kilio ya mudogo wangu Katembo, kule Beni, Kavira alikuja kuikaa pembeni yangu chini ya bâche, ile turubai ya kilio, kalamu mu mukono, karatasi juu ya magoti. Kavira ni binti ya marehemu, ni mwalimu, maandiko yake iko muzuri kama mistari ya maharagi mu shamba ya mutu mwenye bidii. Alikuwa anatengeneza ile karatasi ya maisha yenye inasomwaka pa kaburi: kuzaliwa, ndoa, kazi, batoto, bandugu. Akanisomea polepole juu nisikie: "Katembo, mutoto wa ine wa kiume wa muzee Ndungo." Nikamwambia, "Wa tano." Akanitazama vile mwalimu anatazamaka mutoto mwenye amekosa hesabu ya mwaka wa kwanza. "Shangazi, nilihesabu na vidole. Paluku, Kambale, Kasereka, kisha baba. Ine." "Hesabu tena." "Shangazi, barabara imekuchokesha. Balete chai." Mais miye sikutaka chai. Nikamuuliza: "Na weye mwalimu, haujajiuliza hata siku moya juu ya nini mutoto wa ine anaitwa Katembo? Kwetu wa kwanza ni Paluku, wa mbili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule. Katembo ni wa tano. Hata mbuzi za Butembo zinajua." Kisha akasema na ile sauti ya chini ya mambo ya huzuni ya zamani: "Siye tulizani kulikuwa Kakule mwenye alikufa angali kitoto." "Hapana," nikasema. "Hakufa. Tulimuuzisha. Kwa mutu wa Mbau." Bamama benye balikuwa banachagua muchele bakaacha kuchagua.

Sikusoma mingi. Niliacha mu mwaka wa tano ya primaire, na ule mwaka wenye niliacha njo huu wenye ninaandika hapa, juu kati ya benye baliuona tumebakia babili, miye na Kambale, na Kambale hasikie muzuri. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Ilikuwa ule mwaka majina ya ubatizo ilikatazwa mu inchi nzima, na baba, mwenye kanisa yote ilimuita Yoane, akarudilia kuwa Ndungo tu, wa saba kwa mama yake. Mutu alibakia paka na jina ya kuzaliwa tu. Ile moya njo ilikuwa nguo yake yote, ya shamba na ya kanisa. Ninasema hii mbele juu bila hii hautaelewa juu ya nini bakubwa bazima, benye akili, balitetemeka juu ya gari.

Baba aliuzishaka kabichi na poro, ile kitunguu ya majani marefu. Alizitosha ku milima ya Butembo, akizibebesha ku camion za batu, akizishusha ku soko ya Beni, akirudi na mawese na makemba, ndizi ya kupika, na makoti yake inanuka moshi ya batu bengine. Alitaka gari yake mwenyewe. Kulikuwa Mugiriki moya wa kahawa, alikuwa anafunga masanduku arudi kwao, na alikuwa anaachana na gari zake mbili. Baba alikuwa amekwisha kuchagua mu kichwa: camionnette ya kijivu, mugongo wazi, bâche juu, gari ya kazi. Kosa yake ilikuwa kutupeleka siye wote tuione. Ninaona ile kiwanja mupaka leo. Ukungu ilikuwa ingali chini, majani ya mikalitusi ilikuwa inaanguka moya moya juu ya zile gari mbili, na hakuna mutu alisema kwa sauti, kama tuko mu nyumba yenye mutoto amelala. Ya pili ilikuwa refu, rangi ya chai ya maziwa, nyuma yake imefungwa na vioo, na mulango ya nyuma ilifungukaka kwenda juu kama kifuniko ya chungu. Mukaka, mama ya baba, akazizunguka na fimbo yake, akizigongagonga mu mbavu vile alikaguaka mbuzi za mahari. Akainama mbele ya camionnette, akaiangalia mu taa. "Hii," akasema, "ina macho ya mutu mwenye haamkie batu." "Na hii ingine, Mama?" baba akauliza, akicheka kidogo. "Hii inasikiliza."

Mais haikuwa Mukaka njo alichagua. Ilikuwa mama. Alifungua mulango ya mbele ya ile gari ya rangi ya chai, akatosha viatu, akaviacha mu majani, akaingia. Nyuma ya kuzaa Kasereka, mimba mbili zilimutokaka mbele ya wakati, na tangu ile ya pili mama aliikaaka paka juu ya ncha ya kiti, kama mugeni mwenye ataitwa sasa hivi. Mule mu gari akaegemea. Sikuwa nimemuona kuegemea miaka mingi. Akafunga macho, mikono juu ya tumbo, na kioo ikajaa pumuzi yake. Baba alisimama pale na kofia mu mukono. "Mama Paluku," akasema mwisho, "sasa kabichi tutaweka wapi?" "Nyuma yangu," mama akajibu, macho ingali imefungwa. "Miye siogope kabichi." Ikaisha vile. Mugiriki alikuja na ufunguo, akamukuta baba anaokota viatu ya bibi yake mu majani.

Yenye nilipenda kupita chakula ilikuwa siku ya kushuka Beni. Tuliondokaka asubui, jua ikiwa bado ya rangi ya yai. Kabichi ilipangwa mupaka ku paa, na Kambale na Kasereka balilala juu yake, pua zao zikigusa juu, bakiimba. Mama mbele, miguu tupu. Miye nyuma kabisa, mulango umefungwa nusu na kamba, miguu yangu ikining'inia inje, kigogo juu ya mapaja. Ile kigogo ilikuwa kipande ya mukalitusi, baba aliichonga pembe tatu, juu freni ya mukono ilikufa tangu kwa Mugiriki. Butembo yote ni mupando na mushuko. Baba akitaka kusimama ku mulima alipaza sauti "Masika!" na mbele amalize jina yangu nilikuwa chini, kigogo nyuma ya mupira ya gari, gari imetulia kama ng'ombe mwenye amefungwa. Nilijua milima yote na miguu. Nilijua wapi udongo inashika na wapi inadanganya. Ku Kabasha barabara inaanza kujipindapinda kwenda chini, na pale kati, sijue ni kona ya ngapi, baridi ya kwetu inaisha. Inaisha mara moya, kama mutu amefungua mulango ya jikoni. Batoto banatosha matriko ya baridi, poro inaanza kunuka, mama anashusha kioo na kutosha mukono inje, vidole wazi, kama anapima kitambaa. Chini kule pori ilikuwa bluu. Ninaota ile kona mara mingi kuliko ninaota marehemu wangu.

Siku ingine baba alitupitisha mupaka Mavivi tuone ndege. Tuliikaa juu ya gari siye batoto ine tukikula mananasi, na ndege ikashuka, na Kasereka, mwenye alikuwa na miaka kumi, akauliza: "Baba, na ndege iko na Masika wake wa kigogo?" Baba alicheka mupaka akakohoa. Tena siku ingine tulifika Mbau kutafuta makemba, na kulikuwa kule muzee moya, Baba Kisoro, tumbo mbele, mwenye alipenda ile gari waziwazi kama mutu anapendaka binti ya jirani. Alipigapiga paa yake, akisema: "Mukichoka naye, munikumbuke." Leo, tangu vita, ku ile barabara batu banapita mbio, macho pembeni, na siku zingine hawapite kabisa. Mais ile yenye iko mu kichwa yangu ni wazi. Ninaipita wakati nataka, na hakuna mutu ananisimamisha.

Jina ilikuja siku ya mungu ya kwanza, mu kiwanja ya kanisa, kisha ibada. Kwetu gari haikuwaka na haya ya kubeba jina ku kipaji ya uso: wengine baliandika maneno ya Mungu, wengine majivuno. Siriwayo, mwenye kuandika, alikuwa pale na brosi na rangi nyeupe, na pastere akauliza: "Ndungo, tuandike nini mbele tuombee?" Baba aliweka mukono juu ya paa, vile unawekaka juu ya kichwa ya mutoto ukimuonyesha bageni. Ninazani furaha njo ilimukosesha. Akasema: "Paluku munajua. Kambale munajua. Kasereka munajua. Huyu ni Kakule." Batu bakapiga vigelegele. Pastere mwenyewe akacheka, akaiombea na ile jina, na Siriwayo akaiandika kubwa, KAKULE, kutoka sikio mupaka sikio. Mama alicheka akiangalia chini. Ilipita miaka kumi tangu Kasereka, kila mutu alizani ile mulango imefungwa. Mukaka tu hakucheka. "Ndungo," akasema, "jina hapana rangi. Hautaipangusa."

Basi tukakaa na Kakule. Ku meza baba aliuliza "Kakule amekunywa?" na alikuwa anasema mafuta. Siku ya posho, mbele ya siku ya mungu, tuliipeleka ku kijito, batoto na gari, sabuni moya kwa wote. Mvua ikinyesha mama alisema, "Kakule iko inje," na moya kati yetu alikimbia na bâche. Hatukuona ubaya. Nyumba ilikuwa na mutoto mupya mwenye halie.

Kisha mvua kubwa za mwisho wa mwaka zikaanza, na siku moya, saa tisa ya mchana, nilikuwa ninatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya ukuta ya mbao ya jikoni. Ndani Mukaka alikuwa anasonga ugali ya bundu, mama anachambula vitunguu. Nilisikia mwiko, nilisikia mvua, kisha nikasikia Mukaka: "Mwezi ya ngapi?" "Ya ine, Mama." "Na ulinyamaza." "Zile mbili nilizisema mbio." Mwiko ikazunguka. "Akitoka mwanamuke tutasema wasingya, asante ya kwetu, tutafurahi. Akitoka mwanaume, Mama Paluku, jina yake iko inje pale, inabeba kabichi." "Ni gari, Mama." "Ilipewa jina mbele ya Mungu na mbele ya batu. Inakaa na siye. Batoto babili, nyumba moya, jina moya: moya atamuita mwenzake." "Atamuita wapi?" Nilisikia paka mwiko, na mama kuvuta pua, na nikajiambia ni vitunguu. Niliacha kutwanga. "Masika!" Mukaka akaita kutoka ndani. "Ile sombe inajitwanga yenyewe?"

Tangu ile siku mama hakuingia tena mu gari. Mahali yake pa mbele kabichi ilisogea. Mama akaanza tena kuikaa ku ncha ya kiti, kisha akaambiwa alale, na kati ya maharagi na chai, baba akasema bila kuniangalia: "Masika atabakia nyumbani kidogo." Ile kidogo njo ilikuwa mwisho wa masomo yangu. Sikulia. Nitasema ukweli juu nimezeeka na Katembo hawezi tena kukasirika: nilifurahi, juu kubakia kulikuwa kubakia na gari. Na kila asubui, nikipiga magoti, niliomba mutoto akuwe mwanamuke. Haikuwa juu ya mama. Nilijua akitoka mwanaume gari itatoka mu kiwanja. Mama alikuwa amelala nyuma ya pazia akiomba paka mutoto akuwe muzima, na miye hapa niliomba juu ya chuma.

Baba alicheka maneno ya Mukaka siku mbili. Siku ya tatu akaenda kwa Siriwayo kutafuta rangi ya chai. Bakapaka juu ya jina. Ilikuwa muzuri juma moya, mvua ikanyesha, na asubui jina ilikuwa imerudi, nyembamba, kama mutu mwenye anachungulia nyuma ya kitambaa. Bakapaka tena. Ile nyeupe ya Siriwayo ilikuwa nzito. Hata wakati haukuiona uliweza kuigusa. Kasereka alifunga macho, akaisoma na vidole, "Ka-ku-le," na baba akamupiga kofi, mara ya kwanza ku maisha yake, kisha akamubeba mu mikono. Siku moya tulikuwa tunasafisha vioo, baba na miye, akaniuliza kama unauliza mutu mukubwa: "Masika, weye njo unajua magoti yake. Niuzishe?" Nilitaka kusema hapana. Nilitaka pia kusema ndiyo, juu niliona vile mama alitazama ile gari ku dirisha, kama unatazama mutu mwenye alikuja kudai mutoto. Nikapangusa kioo yenye ilikuwa imekwisha kuwa safi.

Na gari yenyewe ikagonjwa. Asubui haikutaka kuamka. Ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa. Baba akamuita Mbusa, fundi wa mikono nyeusi, akafungua, akanusa, akasema: "Karburateri." "Wivu," Mukaka akasema kutoka pa mulango. Kwetu, mutoto mwenye anafuatwa lazima aambiwe. Mbele tumbo ya mama ionekane, mukaka yake anamuita pembeni, anamusemea mu sikio kwamba kuko mwenye anakuja nyuma yake. Bila hivyo anasikia mu damu kwamba mutu anamufuata na hajue ni nani, anakonda, analia bure, anagonjwa. Paluku aliambiwa. Miye niliambiwa juu ya Kambale. Ningali ninasikia ile pumuzi ya tumbako ya Mukaka mu sikio yangu. "Na Kakule," Mbusa akauliza, akicheka mupaka ufunguo ikaanguka, "nani atamwambia?" Mukaka hakucheka. Sasa ninajua juu ya nini. Kumwambia ilikuwa kukubali kwamba ni mutoto wa nyumba, na yeye alikuwa angali anashindana.

Uchungu ilimushika mama asubui moya ya ukungu, juma tatu mbele ya wakati. Baba akaleta gari mupaka pa mulango. Mama akashika mbao ya mulango na mikono mbili. "Siingie." "Mama Paluku, hospitali iko mbali." "Muite banaume ba tipoyi, banibebe juu ya mabega vile zamani." "Banaume biko ku mashamba! Mama Paluku, tafazali." "Baba Paluku, hii mutoto nitamupeleka na gari yenye ilikula jina yake? Hapana. Ya tatu kupotea hapana." Hakulalamika, alisema polepole, jasho ikimushuka, na vidole vyake vilikuwa nyeupe juu ya mbao. Baba alisimama kati ya bibi yake na gari yake, na sikuwa nimejua mbele kwamba mutu mukubwa anaweza kukosa kabisa mahali pa kuweka mikono.

Mukaka akamutazama mama. Akatazama gari. Kisha akatosha kitambaa ya kichwa, njo mara yangu ya kwanza kuona nywele zake zote nyeupe, akashuka mu matope na miguu tupu. Alipangusa taa ya kuume, alipangusa taa ya kushoto, polepole, na pembe ya kitambaa, vile unapangusaka mutoto mwenye ameamka. Akaenda pembeni, pale kioo kidogo ilitokaka kama sikio, akainama, akaweka mudomo. Nilikuwa karibu na kigogo yangu. Nilisikia yote. "Kakule. Ni miye, mukaka yako. Nilichelewa kukuambia, unisamehe. Unafuatwa. Mudogo yako iko njiani. Weye sasa uko mukubwa. Mukubwa hapana kasirika, mukubwa anabeba. Donc, umubebe." Akanyoosha mugongo, akamugeukia mama: "Nimemwambia. Amesikia. Ingia."

Mama akaachilia mbao ya mulango. Kisha akatosha viatu pale pa mulango, akaviacha mu matope, akaingia mbele. Baba akazungusha ufunguo. Ikakohoa mara moya, mara mbili, ikashika. Mbusa alisemaka baadaye kwamba alikuwa amesafisha ile karburateri siku mbili mbele, na ni kweli, alisafisha. Sibishane naye.

Mulima ya hospitali ilikuwa udongo nyekundu ya kudanganya. Kati ya mupando mipira ikaanza kuzunguka bure, gari ikasimama, ikaanza kurudi nyuma pole, pole, kuelekea mutaro. "Masika!" Nilikuwa chini. Niliweka kigogo, matope ikaibeba. Niliweka tena, mupira ukapanda juu yake, ikateleza. Mara ya tatu sikuiachilia. Niliishika na mukono mupaka mupira ukaiuma, na ukauma kidole pamoja. Sikulia, juu mama ndani alikuwa anatulilia siye wote. Gari ikatulia. Baba akavuta pumuzi, gari ikavuta pumuzi, na tukapanda. Ile kidole hapana kujikunja tangu siku ile. Ninapoandika inaelekeza mbele, kama inamuonyesha mutu.

Mutoto alitoka mbele ya saa sita. Mwanaume, mudogo kama muhogo ya kwanza, na sauti. Mvua ilikuwa imerudi. Infirmière, muuguzi mwenye aliitwa Katungu, akaja na kitabu yake na kalamu: "Jina?" Baba akaangalia viatu vyake. Miye nilikuwa pa ukuta na mukono umefungwa kitambaa, na nikafikiri: sasa, sasa hivi moya kati yao, mutoto ao gari, atatoka. Na ku kitanda mama akasema, na sauti ya mutu mwenye ameegemea: "Katembo." Infirmière akahesabu mu kitabu. "Mama, una batoto banaume batatu. Huyu ni wa ine. Wa ine ni Kakule. Uchungu imekuchanganya hesabu." "Haikunichanganya," mama akasema. "Wa ine iko inje mu mvua. Njo alituleta." Infirmière akageukia dirisha. Sote tukageuka. Gari ilikuwa pale chini ya mvua, moshi ikiipanda kutoka mu pua, na rangi ya chai ilikuwa imelowa, na jina ilionekana ndani yake kila herufi. Infirmière akaangalia. Kisha akaandika Katembo. Nyuma yetu, pa mulango, Mukaka na kitambaa yake ya matope akasema "Wasingya," na sijue mupaka leo alikuwa anamushukuru nani kati yao.

Siku ya mungu yenye ilifuata, baba alimuita Siriwayo arudishe jina na rangi nyeupe. Katembo hakulala muzuri mahali pengine kuliko mule, mama miguu tupu, mutoto juu ya kifua, kabichi nyuma. Alipojua kusema alisemaka "mukubwa wangu" juu ya gari, na aliwatisha nayo batoto ba jirani. Mais magoti ya Kakule yalichoka mbele Katembo aanze masomo, na baba akamukumbuka Baba Kisoro. Mukaka akadai Kisoro aje na mbuzi, tukule pamoja kwanza, juu mutoto haendake ku nyumba ya mutu mwenye hamujakula naye. Akamusemea tena mu sikio. Yenye alisema ile siku sikuisikia. Nilikuwa nimekaa mbali, na kigogo mu mikono, sijue nimupe Kisoro ao nibakie nayo. Nilibakia nayo. Miaka mingi nyuma, nikiwa na bwana na batoto, nilipita Mbau na nikauliza. Bakanionyesha nyuma ya nyumba: haikuwa tena na mipira, majani ilipita mu sakafu, na pa kiti ya mbele, pale pa mama, kuku alikuwa juu ya mayai. Alikuwa ameegemea. Alikuwa amefunga macho. Sikumwambia Katembo. Alikuwa amekwisha kuwa shofere, na akapanda na kushuka Kabasha miaka thelathini, na ile kigogo chini ya kiti yake, juu njo zawadi yenye nilimupa siku alishika volan, usukani yake ya kwanza.

Muhindo, mujukuu wangu, mwenye alinileta ku kilio, anatafuta gari ya nyumba yake. Njia yote alinionyesha picha mu telefone, zile zenye zinaingilia Kasindi ku mupaka na volan ku kuume. "Koko, hii ao hii?" "Bibi yako ameikaa ndani?" "Koko, ni picha." "Basi atoshe viatu kwanza," nikamwambia, na akacheka, akazani nimesinzia.

Kavira alinisikiliza mupaka mwisho, chai yangu ikapoa. "Ile muti nyeusi ya pembe tatu," akasema, "yenye baba alitukatazaka kuchoma." "Ni ile." Akachukua kalamu. Akakata "wa ine", akaandika "wa tano". Akashuka ku mustari ya bandugu: Paluku, na musalaba mudogo pembeni, juu ametutangulia. Masika. Kambale. Kasereka, na musalaba. Kisha akaandika Kakule, na kalamu ikasimama hewani. "Shangazi. Na huyu, nitie musalaba?" Nikafikiri Mbau, nikafikiri kuku na mayai yake, na ile barabara yenye hatupite tena vile tunataka. "Andika jina tu," nikasema. "Musalaba hapana. Hakuna mutu aliona."

Kesho yake bakaisoma pa kaburi. Mwenye alikuwa anasoma alipofika pa Kakule, batu bakageuza vichwa, bakitafuta muzee mwenye atasimama. Hakuna mwenye alisimama. Mais ku benchi ya mwisho Kambale, mwenye hasikie muzuri, alikuwa amesikia. Aliinua mikono yake mbili, akashika volan yenye haiko, na kwa mudomo, polepole, akapiga klaksoni.